Maji Hayafiki Nyuma

9 Februari

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, isipokuwa goti langu, ambalo halijawahi kuwa zima tangu nistaafu, na mama yako, ambaye ni mzima ila hasemi nami. Wiki ya tatu sasa. Akipita mbele ya kibanda changu cha cherehani hugeuza uso kama vile ng'ambo ya barabara kuna harusi. Anasema mimi ndiye niliyekujaza bahari kichwani. Nimemwambia bahari haijazwi na mtu. Hakucheka.

Lakini acha hayo. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Wamekupanga kwenye meli ile ile! Katika meli zote za jeshi la wanamaji, wamekutia tumboni mwa Bibi. Sisi tulimwita Bibi tangu akiwa mpya, kwa kelele zake za asubuhi. Miaka kumi na tisa nimekula, nimelala na kutapika humo, na nikiulizwa ni wapi nilipokuwa mtu, nitasema ni chumba cha injini cha meli ile.

Sikiliza wosia wa mzee. Ukipewa nafasi ya kuchagua, chukua kitanda cha chini, cha tatu toka mlangoni: tundu la hewa linakupuliza usoni. Alfajiri mpishi akifungua tanuri, harufu ya mkate hushuka ngazi mpaka kwenye injini, na watu thelathini waliokuwa wakigombana hunyamaza kwa pamoja. Bibi akishika mwendo wake mzuri, weka kikombe cha chai sakafuni, kitatembea chenyewe kuelekea kushoto. Tulikuwa tukishindanisha vikombe. Mimi waliniita Grisi. Mwenzangu wa zamu alikuwa Msomi, fundi aliyewaandikia nusu ya mabaharia barua za mapenzi. Siku moja alizichanganya bahasha mbili, na kuna ndoa iliyofungwa kwa kosa lile ambayo nasikia ipo mpaka leo.

Nisalimie Bibi. Mpige kofi la mapenzi ubavuni.

Mjomba wako


2 Machi

Shikamoo Mjomba,

Natumaini goti limepata nafuu na mama amepunguza. Mimi mzima. Overoli waliyonipa inawatosha wawili kama mimi, nimekunja mikono mara tatu. Kitanda cha tatu nimekipata, na kikombe kweli kinatembea. Nilicheka peke yangu, wenzangu wakanitazama.

Kazi yangu ni zimamoto: pampu, mabomba, mipira ya maji na koki zake. Kila mwezi tunaijaribu mipira yote, kisha naandika kwenye daftari la ukaguzi na kutia saini. Ya mbele inafanya kazi, ya katikati inafanya kazi. Ule wa nyuma, karibu na chumba cha kufulia na jenereta ndogo, unatoa upepo tu. Pampu inaunguruma, geji inaonyesha nguvu ya kutosha, mimi nimeukumbatia mpira kama mwehu, na maji hayaji. Nikamwambia mhandisi mkuu. Akasema, "Hilo bomba lina uvivu wa uzee. Litaamka likihitajika." Kurasa zote zilizotangulia zina saini kwamba ni zima.

Wewe ulitambaa chini ya sakafu zote humu. Hilo bomba linapita wapi?

Na jambo lingine. Nilimuuliza mpishi mkuu, ambaye ndiye wa pekee aliyebaki wa enzi zenu, kama anamkumbuka Msomi. Aliendelea kumenya viazi. Kisha akasema, "Yule aliyelala kazini?" Akaniambia alikufa kwenye moto, humo humo nyuma, kwa sababu hakufungua koki kwa wakati. Mjomba, umenisimulia meli hii tangu sijaota meno. Mbona moto hukuwahi kuutaja?

Mpwa wako


14 Machi

Mpwa wangu,

Barua imefika. Mama yako alikuja kibandani kuchukua cherehani ya jirani, akasema "habari" kwa cherehani. Ni hatua.

Unaniuliza mabomba, mtu niliyeacha kazi hiyo miaka ishirini na tatu iliyopita. Meli imekarabatiwa mara ngapi? Mhandisi wako ana michoro, muulize yeye. Wewe ni mgeni humo. Mgeni hafungui vyungu siku ya kwanza. Mtii mkubwa wako, fanya unaloambiwa, na utaipenda ile kazi kama nilivyoipenda mimi.

Ngoja nikupe cha kukuchangamsha. Mwaka wangu wa nne tulipigwa na dhoruba siku mbili. Masufuria yaliruka, mhandisi alifungwa kamba kwenye kiti chake, na mpishi wa wakati ule akatupikia uji akiwa amekaa sakafuni, sufuria ameibana kwa miguu. Tulipotoka upande wa pili bahari ilikuwa bapa kama meza. Tulipanda wote juu, weusi kwa mafuta. Sijawahi kupenda watu kama nilivyowapenda wale siku ile.

Msomi muache apumzike.

Mjomba wako


11 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Mama ameniandikia, mko wazima. Nami mzima.

Nimejua kwamba barua zetu hufunguliwa ofisini kabla ya kutoka, kwa hiyo hii nimempa mpishi mkuu aiposti akienda sokoni. Ndiyo maana inanuka vitunguu.

Jumanne, saa nane mchana, tukiwa tumefunga gatini, waya wa mashine ya kufulia ulishika moto. Moto mdogo, shuka tatu tu ziliungua. Lakini nilishika mpira wa nyuma nikafungua koki mpaka mwisho, na ulinipulizia upepo usoni. Tulizima kwa ndoo na mablanketi. Mkono wangu wa kushoto una malengelenge, usimwambie mama. Jioni mhandisi mkuu aliandika kwenye daftari: "Moto ulizimwa kwa mpira wa nyuma." Akanisogezea kalamu nitie saini chini yake. Nikasema mkono unauma. Akasema, "Unao wa kulia."

Sijasaini. Amenipa mpaka tarehe ishirini Mei. Ishirini na moja tunaondoka, wiki sita baharini, watu themanini na wawili. Kumi na wanne tunalala nyuma, nyuma ya kile chumba. Bila daftari kutiwa saini meli haiondoki, na wote wanajua ni mimi ninayewachelewesha. Mezani watu wameanza kuhamisha sahani nikikaa.

Nikienda kwa kamanda na neno tupu, la fundi wa miezi miwili dhidi ya mhandisi wa miaka ishirini, nitatolewa mbio. Nahitaji kujua mahali. Sina haja ya dhoruba wala uji. Nijibu moja tu: maji yanakwama wapi?

Mpwa wako


3 Mei

Mjomba,

Sijapata jibu. Nilidhani unaumwa. Mama anasema unafungua kibanda kila siku, na jana umemkemea muuza vifungo.

Kwa hiyo umenyamaza kwa kupenda. Zimebaki siku kumi na saba.


8 Mei

Mpwa wangu,

Leo hakuna salamu ndefu. Sote wazima.

Barua yako ya Aprili ilifika kwa wakati. Niliiweka kwenye droo ya sindano. Kila nikihitaji sindano nilikuwa nikiazima kwa fundi wa jirani. Ndivyo nilivyoishi wiki tatu, mtu mzima mwenye mvi.

Kwanza jibu, ili hata ukiacha kusoma hapa uwe nalo. Shuka chumba cha injini, upande wa kushoto, mabamba ya sakafu karibu na ukuta wa nyuma. Inua la pili na la tatu. Utaona bomba la zimamoto kabla halijapenya ukuta. Hapo pana kiungo cha bolti nane. Kiungo kile kimevuja tangu Bibi akiwa kijana. Fungua bolti zote, utenganishe nyuso zake mbili. Kama ni kile ninachofikiri, katikati utakuta bamba la chuma la mviringo, saizi ya sahani ya chai. Linaziba kabisa. Sakafu inabaki kavu, geji inasoma vizuri kwa sababu maji hayana pa kwenda, na nyuma hakuna tone.

Ninajua kwa sababu mimi ndiye wa kwanza kuliweka.

Miaka ishirini na sita iliyopita mkubwa wa jeshi zima alikuwa anakuja kukagua, na chini ya kile kiungo palikuwa na dimbwi. Bomba jipya lilikuwa limeagizwa, halijaja. Mhandisi wetu akaniambia, "Grisi, funika kombe mwanaharamu apite. Akishaondoka utalitoa." Nikakata bamba, nikalitia, nikakaza bolti nane. Mgeni akaja, akasifu usafi, akaondoka. Bomba halikuja. Tukapewa safari, tukaenda nalo. Ningeweza kulitoa siku yoyote. Kila siku nilisema kesho.

Wiki ya tisa, mchana, mafuta yalishika moto kwenye jenereta ya nyuma. Msomi ndiye aliyekuwa zamu kule. Mimi nilikuwa kwenye pampu. Tulikuwa na bomba la kusemea baina yetu. Nikamsikia: "Grisi, maji!" Nikawasha pampu. "Grisi, koki iko wazi, lete maji!"

Mhandisi alikuwa amesimama kando yangu. Alinitazama, nami nikamtazama.

Ningesema "toka." Neno moja. Angetoka, ngazi ilikuwa nyuma yake hatua nne. Lakini kumwambia toka ilikuwa ni kukiri kwamba najua maji hayaji. Nikasema, "Yanakuja." Nikachukua spana nikaanza kufungua zile bolti. Akaita tena, nikasema tena yanakuja. Nilipofika bolti ya tano hakuita tena.

Mimi ndiye niliyeingia wa kwanza moto ulipozimwa kwa ndoo. Koki ilikuwa wazi mpaka mwisho. Mkono wake ulikuwa juu yake.

Mbele ya tume mhandisi alisema koki ilikutwa imefungwa, kwamba yule bwana alikuwa na tabia ya kusinzia. Wakaniuliza mimi: "Ulimwona akifungua?" Nikasema, "Sikumwona." Ni kweli, sikumwona. Kwa neno hilo moja nilimzika mara ya pili. Bamba nililitoa wiki tatu baadaye, kimya kimya, nikalitupa baharini, na bomba likarudi kuvuja kama kawaida. Mhandisi yule alishafariki. Hilo la sasa amelitia mwingine. Njia ya mkato haihitaji mwalimu.

Mambo yote niliyokusimulia ya Bibi ni ya kweli, vikombe, mkate, hata ile bahari bapa. Sikukudanganya hata moja. Nilikuwa nakupa nyama na mfupa nauficha mkononi.

Leo asubuhi nilikwenda kwa mama yako, nikamsomea barua hii kuanzia mwanzo mpaka hapa. Nilidhani atanitupia kitu. Akauliza, "Mwanangu analala wapi humo?" Nikamwambia. Akavaa viatu. Akasema, "Nipe. Posta itachukua wiki." Hajawahi kukanyaga bandari maishani mwake. Basi la saa tano atalipata.

Mjomba wako


24 Mei

Mjomba, shikamoo.

Mama alifika akiwa ameishika bahasha kwa mikono miwili kama trei. Askari wa getini walimzuia saa moja nzima. Akawaambia yeye ni dada wa Grisi na mama wa zimamoto, na kama hawamruhusu atakaa pale pale barabarani. Tulikaa kwenye benchi la nje. Nilisoma akiniangalia. Hakusema kitu juu yako. Alinikunja vizuri mikono ya overoli, akarudi na basi la jioni.

Sikufungua kiungo peke yangu. Ningesingiziwa kwamba nimeliweka mimi. Tarehe ishirini, saa tatu asubuhi, watu wote wakiwa kwenye gwaride juu, mhandisi mkuu aliniletea daftari mbele ya kamanda. Nikasema, "Afande, nitasaini nikiona maji." Kamanda akauliza maji gani. Nikasema ya nyuma, Afande, twende sote. Mhandisi akacheka, akasema binti huyu ana hofu ya safari. Hakuna mwingine aliyecheka, Mjomba. Nadhani wengi walikuwa wanajua.

Kamanda alishuka mwenyewe. Mpira ukatoa upepo. Akaushika mkononi akaelekeza uso wake pale kwa muda, kama mtu anayejipoza. Kisha akaniuliza, "Wapi?" Nikainua bamba la pili na la tatu la sakafu. Bolti mbili zilikuwa zimeshikana kwa kutu, ilichukua dakika arobaini. Lilikuwemo. La mviringo, saizi uliyosema. Mhandisi mkuu aliketi kwenye ngazi akaanza kujipangusa mikono isiyokuwa na uchafu.

Safari imeahirishwa mpaka bomba libadilishwe. Mhandisi ameondolewa, anahojiwa. Nami nimehamishiwa ghala la mipira nchi kavu, "kwa utulivu wangu," walivyosema. Watu wengine hawanisalimu; walikuwa wameshaaga familia zao, wameshapanga. Usiku wa kuamkia uhamisho nilikuta mpishi mkuu ameniachia mkate kitandani, ungali moto. Hakuandika kitu.

Kamanda aliniuliza nilijuaje mahali. Nikasema nilitafuta. Sikukutaja. Ni mara ya kwanza namdanganya mtu aliyetaka kunisaidia, na sikuipenda ladha yake. Nilikuwa nalala juu ya jambo lako, Mjomba. Miezi mitatu. Ungeniacha nisafiri?

Usinijibu mimi hilo. Mpishi anasema Msomi alikuwa na mke, mwalimu, na bado anaishi mji ulipo wewe, nyuma ya shule ya msingi ya zamani. Nusu saa kwa miguu kutoka kibandani kwako. Umeishi naye mji mmoja miaka yote hii?

Mimi nilisimama mbele ya watu themanini na mmoja. Kwako wewe yuko mmoja tu.

Mpwa wako


19 Juni

Mpwa wangu,

Salamu kutoka kwa mama yako. Siku hizi anasema nami, maneno machache, kama mtu anayelipima goti lililotoka kwenye plasta. Jana aliniletea chai, akaiweka juu ya cherehani, akasema, "Isimwagike."

Nianze na la mwisho, kwa kuwa ni fupi. Jumatatu nilikwenda ofisi ya jeshi. Nimeandika maelezo kurasa mbili, nimetaja bamba, bomba la kusemea, koki na jibu langu mbele ya tume. Ofisa kijana aliyasoma, akaniuliza, "Mzee, unajua haya yanaweza kukugeukia?" Nikamwambia yalishanigeukia siku nyingi. Amesema watalifungua faili upya. Sijui watafanya nini na mimi. Jina lake lisafishwe, hilo ndilo nimeliomba, na wamenigongea muhuri kwamba limepokelewa.

Sasa la kwanza.

Nilikwenda Jumamosi asubuhi. Swali lako nililibeba njia nzima. Ungeniacha nisafiri? Ningependa kuandika hapana. Ukweli ni kwamba mpaka ilipofika ile barua ya mistari mitatu, nilikuwa nimeshaanza kujiambia kwamba moto hautokei mara mbili mahali pamoja. Hilo ndilo jibu langu. Lichukue kwa kuwa umeshakuwa mkubwa, ulipime mwenyewe.

Nyuma ya shule kuna vyumba viwili na ua uliofagiliwa. Alikuwa anasahihisha madaftari ya watoto anaowafundisha ziada. Nilimjua, naye alinijua kabla sijatamka jina. Hakunikaribisha kiti. Akasema, "Umekuja kusema au umekuja kulia? Kama ni kulia, wamekuja wengi." Nikasema nimekuja kusema, shemeji.

Nikasema nimesimama. Nilimwambia kama nilivyokuandikia, sikupunguza. Nilipofika kwenye "yanakuja" nilisita, akangoja, hakunisaidia. Nilipomaliza aliinuka akaingia ndani. Nikasikia bomba la maji likifunguliwa, likaachwa limwagike muda mrefu sana. Nilitaka kuondoka. Nikabaki.

Alirudi uso umelowa. Akasema, "Miaka ishirini na sita naitwa mke wa aliyelala. Mwalimu mwenzangu aliwahi kuniuliza kama nyumbani pia alikuwa anasinzia. Mimi nilijua hakulala. Mtu yule alikuwa hawezi kulala hata kwenye basi." Kisha akaniuliza: "Koki ilikuwa wazi?"

"Wazi mpaka mwisho."

"Ulimgusa mkono?"

"Mimi ndiye niliyeutoa pale."

Madaftari aliyapanga, akayapangua, akayapanga. Sikuomba msamaha, mpwa wangu. Nilikuwa nimekuja nao mdomoni, nikaona kumwomba ni kumwongezea kazi.

Halafu akaniambia jambo nisilolitegemea. Akasema, "Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuja kunisimulia. Watu wa meli mlikuwa mkiniona mnavuka barabara. Miaka minane aliishi humo, mimi sijui alikuwa analala wapi, anakula nini, anacheka na nani. Nina kifo chake tu." Akanisukumia kiti kwa mguu. "Alikuwa anacheka humo?"

"Kila siku, shemeji."

"Basi nisimulie. Anza siku ya kwanza."

Nikaketi. Nikamwambia siku ya kwanza alipanda ngazi ya meli akiwa na sanduku mkono mmoja na mwavuli mkono wa pili, mwavuli wa maua mekundu, baharia na mwavuli, na gati zima likasimama kazi kwa kucheka, naye akaufungua, akatembea chini yake mpaka mlango wa injini kama bwana harusi.

Akajishika kinywa. "Ulikuwa wangu," akasema. "Nilimlazimisha. Asubuhi ile ilikuwa inanyesha."

Nilirudi nyumbani saa tisa alasiri. Sijamaliza kumsimulia hata mwaka wa pili. Ameniambia nije tena Jumamosi ijayo, na nisichelewe.

Mjomba wako